Sarafu ya Mashine ya Kamari Huishia Wapi?

Mwezi Februari 2003, bomu lililipuka nje ya biashara ya mashine za michezo mjini Berwyn, jirani na Chicago nchini Marekani. Lilikuwa onyo kwa mshindani. Michael Sarno, mmoja wa wakuu wa genge la kimafia la Chicago, alitiwa hatiani Desemba 2010, na mwaka 2012 akahukumiwa kifungo cha miaka 25.

Kilichogombewa kilionekana kitu kidogo. Mashine za kamari za video ziliwekwa katika baa kwa jina la burudani tu, lakini mshindi alilipwa kimyakimya kaunta. Mwenye baa na mwenye mashine waligawana mapato nje ya macho ya dola. Na mahali palipofichwa sheria, mwenye mabavu hujifanya sheria.

Mama Kanisa hafundishi kwamba kila mchezo wa bahati ni dhambi. Katekisimu (na. 2413) inasema mchezo huo haukubaliki kimaadili unapomnyima mtu mahitaji yake ya lazima na ya wanaomtegemea, tena inaonya kwamba tamaa yake huweza kuwa utumwa. Tumezoea kutazama madhara ya mchezaji na familia yake. Kisa cha Berwyn kinatuongezea swali: baada ya kuzama mashinani, sarafu inakwenda kwa nani? Mlevi aliyecheza baada ya kazi hakutega bomu. Lakini sarafu zake ndizo zilizoligharimia genge.

Tarehe 21 Juni 2014, huko Calabria, Italia, Papa Fransisko alitamka kwamba wafuasi wa mafia wametengwa na ushirika wa Kanisa. Neno hilo linawahusu kwanza wakuu wa magenge, ila linazigusa pia dhamiri za wanaowapangisha kona ya duka.

Hatusemi kila mashine mtaani kwetu ina genge nyuma yake. Lakini wewe muumini uliyeletewa mashine dukani, uliza: mwenyewe ni nani? Ina leseni? Watoto wanazuiwa? Anayegawana mapato anagawana pia wajibu.

Chini ya Msalaba askari walilipigia kura vazi la Bwana. Mmoja wao alishinda; aliyevuliwa alikuwa juu yao, akifa. Kila ushindi wa kamari una mtu aliyevuliwa. Tumtafute huyo kwanza.