Wafanyabiashara wa picha, tusidharau rangi ya ukuta

Mwaka jana nilikaa mpakani saa nne na nusu nikiwa na furushi la picha kumi na nane. Mpaka wenyewe sitautaja, kwa kuwa yaliyonikuta pale yangeweza kunikuta kwenye mpaka wowote wa Jumuiya yetu. Zilikuwa picha za mchanganyiko: kipande cha gome, vipande vya kitenge, karatasi za gazeti zilizobandikwa, na rangi juu yake. Ofisa wa kwanza alipoona vitenge vilivyokatwakatwa alisema hayo ni mitumba. Wa pili akashika gome, akalinusa, akaniuliza kiko wapi kibali cha afya ya mimea. Wa tatu akakubali kwamba ni picha, ila akaniuliza swali ambalo nami sikuwa na jibu lake: "Mama, sasa tukiandike kuwa ni kitu gani?"

Nililipa walichokadiria. Basi langu lilikuwa limeshaondoka. Nilipofika Arusha siku ya pili na kufungua furushi nikakuta picha sita zimegandana kwa joto. Kuzibandua ni kuzichana. Kwa hiyo safari ile ilinipiga mara mbili, kwa makaratasi na kwa rangi. Wenzangu wengi huzungumzia pigo la kwanza tu. Mimi nataka nianze na la pili, kwa sababu ndilo tuliloliacha mikononi mwa wachoraji kana kwamba halituhusu.

Linatuhusu sana. Mteja wa picha ndogo anayeshuka kwenye gari la watalii ana bei yake kichwani, na bei hiyo haipandi kwa kuwa mchoraji ametumia tyubu za akriliki kutoka ng'ambo. Tyubu hizo zinapofika kwenye duka la vitabu vya shule na vifaa vya ofisi zimeshapita mikono mingi. Mchoraji akizitumia kwa picha yenye matabaka manne au matano ya rangi na gundi, faida yote inakwisha kabla mimi sijanunua tikiti ya basi. Ndipo anapoanza kupaka rangi nyembamba, au ananunua ile ya watoto ya kuchezea, na mimi ndiye ninayeulizwa na mteja mwakani kwa nini jua lake jekundu limekuwa la waridi.

Wapo wanaodhani kutumia rangi ya duka la vifaa vya ujenzi ni umaskini wa kujificha. Wakumbuke Edward Saidi Tingatinga, yule mtu wa Tunduru aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960. Alitumia rangi ya mafuta ya kung'aa, ile ya baiskeli, juu ya vibao vya hadibodi. Alikufa mwaka 1972, hakuchora hata miaka kumi, na leo jina lake ni jina la mtindo mzima wa uchoraji. Hakuna mtalii aliyewahi kuniuliza rangi ya Tingatinga ilinunuliwa duka gani.

Basi baada ya hasara ile niliamua kujaribu mwenyewe, pamoja na mchoraji mmoja ninayemuuzia kazi zake. Hatukuwa na maabara. Tulikuwa na ukuta wa uani unaopigwa jua toka asubuhi, na vipande vya kitambaa upana wa kiganja.

Kitambaa kilikuwa marekani, kile cheupe kisichotiwa rangi. Jina lake ni la zamani, tangu wafanyabiashara wa Marekani walipokuwa wakikileta Zanzibar karne ya 19, lakini siku hizi ipo marekani inayofumwa kwenye viwanda vya kwetu. Kabla ya kupakwa chochote tuliifua kwa maji ya moto ili itoe wanga na ijikunje yote inayotaka kujikunja. Kisha tukaipaka gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji, halafu rangi nyeupe ya maji ya ukutani mara mbili, tukapiga msasa kidogo katikati. Huo ndio msingi. Kwa fedha za tyubu chache ndogo tulipata ndoo ya lita nne, na ndoo hiyo bado haijaisha.

Rangi ya maji ya ukutani ni jamaa wa karibu wa akriliki. Zote mbili zinakauka kwa kuacha utando wa plastiki. Tofauti ni kwamba ya ukutani ya bei ya chini imejazwa chokaa nyingi na ina plastiki kidogo. Ukiipitishia kidole ikikauka, kidole kinatoka na unga. Dawa yake tuliyoiona ni kuiongeza gundi nyeupe, kijiko kimoja kwa vitatu vya rangi, na kuipa ukali kwa vile vichupa vya rangi za kuchanganyia ambavyo mafundi rangi hununua. Ikikauka inashika, haiachi unga, na kitambaa kinakunjika bila kuvunjika.

Rangi ya mafuta nayo ina nafasi yake, lakini ina masharti. Juu ya ubao mgumu ni nzuri mno. Juu ya kitambaa kitakachoviringishwa na kusafiri, baada ya miezi inapasuka. Na ole wake anayepaka rangi ya maji juu ya ya mafuta: inabanduka kama ganda la yai. Kinyume chake kinawezekana. Mafuta yakae juu, maji chini.

Vitenge vinachuja. Kipande cha kitenge kipya kikibandikwa kwa gundi yenye maji, rangi yake hutembea hadi kwenye nyeupe iliyo jirani. Kifuliwe mpaka maji yatoke meupe, ndipo kikatwe. Karatasi ya gazeti inageuka njano kwa jua, hilo halizuiliki kabisa, ila ukiifunika kwa gundi pande zote mbili inachelewa na hainyonyi unyevu. Gundi ya unga wa muhogo tuliiacha siku ya tatu, baada ya mende kutuonyesha maoni yao.

Jaribio lililonifundisha zaidi ni rahisi kuliko yote. Kila kipande tulikifunika nusu kwa boksi, tukakitundika ukutani miezi mitatu. Tulipofunua, bluu ya ukutani ilikuwa ile ile, rangi ya udongo ile ile, nyeusi ile ile. Waridi ya kwenye tyubu ya bei nafuu ilikuwa imepauka kiasi kwamba mpaka wa boksi ulionekana kama umechorwa kwa rula. Tyubu hiyo ilikuwa na maneno mazuri mengi ubavuni. Tangu hapo sinunui shehena ya rangi yoyote kabla ya kukaa na kipande chake ukutani.

Sharti moja si la kujadili. Viwango vya Afrika Mashariki vinaweka kikomo cha risasi kwenye rangi kuwa sehemu 90 kwa milioni, na sababu ni watoto, ambao risasi huwaharibu ubongo. Wachoraji wetu wengi hufanya kazi nyumbani, mtoto yuko mgongoni au chini ya meza. Kopo lisilo na alama ya shirika la viwango, hata likiwa bei ya bure, lisiingie kwenye mzigo wako. Na msasa kwenye mbao za zamani zilizopakwa rangi usipigwe ndani ya nyumba.

Sasa nirudi mpakani. Ninyi mnaovusha vitu kwa utaratibu rahisi wa biashara mnajua: mzigo usiozidi dola 2,000, wa bidhaa zilizo kwenye orodha, ukiwa na cheti rahisi cha asili, haulipi ushuru wa forodha, ingawa kodi ya ongezeko la thamani iko pale pale. Neno zito hapo ni asili. Tyubu iliyotoka ng'ambo haigeuki kuwa mali ya Kenya kwa sababu imenunuliwa Nairobi. Lakini ndoo ya rangi iliyotengenezwa ndani ya Jumuiya, marekani iliyofumwa hapa, na lubugo la Uganda ni vitu vyenye kwao. Lubugo ni gome la mutuba linalopondwa kwa nyundo za mbao zenye mifereji mpaka liwe kama nguo. Mti hauuawi, hufunikwa kwa majani ya mgomba na kuotesha gome jingine. UNESCO iliutangaza ufundi huo mwaka 2005 na kuuingiza kwenye orodha yake ya urithi mwaka 2008. Na bado mtu anaweza kuulizwa nalo kana kwamba amebeba miche ya migomba.

Kwa hiyo vifaa vya bei nafuu na vifaa vyenye cheti vinaelekea kuwa vile vile. Hilo mimi nililigundua kwa hasara, na nashangaa vyama vyetu vya wafanyabiashara havijalisema kwa sauti.

Na jibu la swali la ofisa yule lipo. Kwenye kitabu cha ushuru, kichwa 97.01 kinataja picha zilizochorwa kwa mkono wote, na kinataja pia picha za kubandika vipande. Kitenge kilichobandikwa kwenye picha si mtumba tena. Ila tahadhari: mfuko au sinia iliyotoka kiwandani ikapambwa kwa mkono haimo humo, na atakayeificha katikati ya picha atatuharibia sote.

Ninachodai kwa wenye mamlaka si kikubwa. Dawati la habari za biashara kwenye kila kituo cha pamoja cha mpakani liwe na karatasi moja ya Kiswahili, yenye picha, inayoonyesha kazi za mchanganyiko na namba yake. Ofisa anayebadilishwa zamu asilazimike kunusa gome. Na orodha za bidhaa zitakapopitiwa tena, wachuuzi wa sanaa waitwe mezani pamoja na wa mahindi na maharage, kwa sababu nasi tunapanda mabasi yale yale.

Kwa upande wangu, furushi nimebadilisha namna ya kulifunga. Picha zinaviringishwa kwenye bomba pana la plastiki, upande wenye rangi ukiangalia nje ili isijikunje, na kati ya moja na nyingine naweka karatasi ya kuokea keki, ambayo haigandi hata basi likiwa tanuri. Juu kabisa ninabeba orodha: jina la kila picha, kipimo, vitu vilivyotumika na vilikotoka, bei, na sahihi ya mchoraji. Safari ya Jumanne ijayo ndiyo ya tatu tangu nianze. Mbili za kwanza sikukawia zaidi ya nusu saa, ingawa ya pili waliniuliza tena kuhusu gome.