Kabla ya Rungwe, mtu wa Ziwa Mweru apime damu

Mwanamke anayebeba gunia la chisense kutoka mtumbwini hadi sokoni Kashikishi, jua la saa nane likimchoma utosini, huambiwa kwamba mlima hauwezi kumsumbua. Miguu anayo, mgongo anao, na safari za Nakonde zimemzoesha kukesha juu ya lori. Kwa hiyo mzigo wake wa mchele ukikwama Tunduma siku tatu, na wenzake wa Mbeya wakimwalika kupanda Mlima Rungwe, kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, ataona ni matembezi tu.

Nguvu zake si za kubeza. Lakini kwenye mlima mrefu miguu ni nusu ya habari. Kashikishi iko takriban mita 930 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Rungwe kinakaribia mita 3,000. Hewa ya kule juu ni nyepesi: kila pumzi huleta oksijeni pungufu kwa zaidi ya moja ya tano kuliko ile inayovutwa ufukweni Mweru. Nyumbani hakuna pa kujizoeza hali hiyo. Hata Milima ya Mafinga, mirefu kuliko yote nchini Zambia, haifiki mita 2,500, kimo ambacho madaktari hukichukua kuwa ndipo ugonjwa wa mwinuko huanza kusumbua watu.

Oksijeni hiyo kidogo hubebwa na damu, na hapa ndipo mtu wa Nchelenge anapopaswa kusimama kidogo. Wilaya hiyo ni miongoni mwa zile zinazosumbuliwa zaidi na malaria katika Zambia nzima. Malaria inayorudi mara kwa mara huvunja chembe nyekundu, na mtu anaweza kuishi miaka na upungufu wa damu bila kujua. Anauza, anabeba, anachoka jioni na kulilaumu jua. Kwenye mteremko wa Rungwe hakuna jua la kulaumu. Kuna moyo unaodunda kama ngoma na macho yanayoona giza. Mwenye ugonjwa wa selimundu yumo katika hatari kubwa zaidi, na hapaswi kwenda bila daktari kumruhusu. Kipimo cha wingi wa damu kifanywe wiki sita au zaidi kabla ya safari, ili upungufu ukionekana pawe na muda wa kuutibu. Anayenunua viatu vya mlima kabla ya kupima damu ameanza mwisho.

Mazoezi yenyewe yana msimu wake. Kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari uvuvi hufungwa, na biashara ya samaki hulegea. Wengine watashawishika kwenda Rungwe miezi hiyo kwa kuwa wana nafasi. Wasiende. Mvua za upande ule hugeuza njia kuwa tope na utelezi, na ukungu hufunika kila kitu. Miezi hiyo ni ya kujenga pumzi, mlima usubiri kiangazi, Juni hadi Septemba. Kutembea kwenye mchanga wa ufukweni kwa haraka, saa nzima, mara tatu kwa wiki, kunatosha kuanzia. Kasoro ya ufukwe ni kwamba hauteremki, na kuteremka ndiko kunakoumiza magoti. Dawa iko jirani: barabara ya kutoka Mbereshi kupanda uwanda wa juu wa Kawambwa. Apande na mkoba wenye maji na chakula, ateremke, na juma linalofuata arudie kwa umbali zaidi kidogo.

Kisha kuna usiku. Mfanyabiashara huhesabu kila usiku wa mpakani kuwa hasara: nyumba ya wageni, chakula, mlinzi wa mzigo. Kwa anayetaka kupanda mlima, usiku huo ni mali. Tunduma na Mbeya ziko juu ya mita 1,600. Kulala huko siku mbili tatu hakumalizi kazi, lakini kunapunguza ukubwa wa kuruka. Siku ya pili au ya tatu apande kilele cha Loleza, nyuma ya jiji la Mbeya, kinachozidi mita 2,600, kisha arudi kulala mjini. Mwili huonja urefu mchana na kupumzika chini usiku. Apumzike siku moja, ndipo aende Rungwe. Anayeshuka kwenye basi alfajiri na kuanza kupanda asubuhi hiyo hiyo anaokoa fedha za chumba na kuhatarisha kitu kisicho na bei sokoni.

Rungwe ni hifadhi ya mazingira asilia. Kibali hutafutwa mapema, na mtu huenda na mwongozaji anayeijua njia. Bia za usiku wa kuamkia safari ziachwe; zinakausha mwili na kuharibu usingizi. Mwendo uwe ule unaomruhusu mtu kuongea sentensi nzima bila kuhema.

Kichwa kikiuma na tumbo likichafuka, asipande zaidi. Akiyumba, akichanganyikiwa au akikosa pumzi hata akiwa ameketi, ateremshwe mara moja, wala asiachwe ashuke peke yake. Kwa mtu wa Mweru kuna tahadhari moja ambayo mwenyeji wa Mbeya anaweza asiiwaze: kichwa kile kile na kichefuchefu kile kile vinaweza kuwa malaria aliyosafiri nayo kutoka ziwani. Akishuka apimwe siku hiyo, na amwambie mganga ametoka wapi, hata kama maumivu yameanza kupungua.

Hatari nyingine huja baada ya kufaulu. Ugonjwa wa mwinuko mara nyingi huchukua saa kadhaa kujitokeza, na mpanda Rungwe wa siku moja huwa ameshashuka. Atarudi Kashikishi akisema hakuhisi kitu, na kwamba sasa ni zamu ya Kilimanjaro kwa siku chache na kwa bei nafuu. Kilimanjaro ina mita 5,895. Kwenye njia ya Marangu huuzwa safari ya siku tano na ya siku sita, na siku ya sita ni ya kukaa Horombo, mita 3,720, mwili uzoee. Kwa jicho la mchuuzi hiyo ndiyo siku ya kwanza kukatwa, maana hakuna kinachosogea.

Alipe siku sita.