Kufunga Kizazi cha Paka Mdogo: Madhara Yako Wapi?

Kila mwenye nyumba katika Mji wa Kale wa Mombasa, au katika vichochoro vya Lamu, analijua jambo hili ijapokuwa hapendi kulitaja mbele ya wageni. Paka jike amezaa darini, watoto wanne au watano. Wakishafumbua macho na kuanza kutembea, nyumba nzima hujaa vilio na uvundo. Basi baada ya Maghribi huitwa kijana wa nyumbani, akapewa gunia, akaambiwa akawaache karibu na soko la samaki. "Tumewaachia Mungu," husema bibi wa nyumba. Wengi wao hawaioni asubuhi. Huliwa na mbwa, hukanyagwa na mikokoteni, au hufa kwa kukosa maziwa ya mama yao, naye mama huku nyumbani akipita chumba hadi chumba akiwalilia.

Lakini mshauri bibi huyo huyo ampeleke paka wake kwa daktari wa mifugo akafungwe kizazi, utamwona anashtuka. "Astaghfirullah! Nikamkate kiumbe cha Mungu kizazi chake? Na paka mwenyewe ndiye huyu, kijipaka cha kushika kwa mkono mmoja. Akipigwa nusukaputi si ndiyo basi tena?" Hizo ni hoja mbili, moja ya dini na moja ya udaktari. Mimi naona ni hoja moja.

Nianze na ya dini, nami si sheikh wala sijitii katika cheo hicho. Wengi wetu hapa pwani ni Mashafi. Imam Nawawi, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu yetu, ameandika kuwa mnyama asiyeliwa ni haramu kumhasi, na yule anayeliwa yafaa ahasiwe akiwa mdogo. Hilo si neno la kulipuuza. Wahanafi wao wameruhusu palipo na manufaa. Na katika zama hizi za karibu, Sheikh Muhammad bin Salih al-Uthaymin wa Saudia, aliyefariki mwaka 2001, aliulizwa juu ya paka waliozidi mno. Jawabu lake lilikuwa kwamba ikiwa wamekuwa udhia, na ikiwa upasuaji hautawadhuru, hapana ubaya, kwani ni bora kuliko kuwaua baada ya kuwa wameshaumbwa.

Litazameni vyema sharti hilo: ikiwa hautawadhuru. Ruhusa yote imeshikwa na neno hilo. Kwa hivyo yule bibi anayeuliza kama kijipaka chake kitaamka au hakitaamka anauliza jambo lililo ndani ya dini yake hasa, wala si woga wa kike kama wanavyodai mabwana wa barazani. Na tukitaka maulamaa wetu watupe jibu, ni wajibu wetu kuwapelekea habari kamili za hicho kisu.

Habari zenyewe ni hizi. Hatari ipo. Kuanzia mwaka 2002 hadi 2004 madaktari wa wanyama wa Uingereza walihesabu wanyama waliokufa kwa sababu ya dawa ya usingizi, na matokeo yakachapishwa mwaka 2008. Kwa paka wenye afya nzuri alikufa mmoja katika kila 900 hivi. Kwa mbwa wenye afya ni mmoja katika kila 1,850 hivi. Waliodhihirika kuwa katika hatari zaidi ni wale wepesi: paka walio chini ya kilo 2, na mbwa walio chini ya kilo 5. Kwa hivyo bibi yetu hakukosea kuogopa wembamba wa paka wake.

Sababu ya hatari hiyo si uchawi. Mwili mdogo hupoteza joto upesi, kama kikombe cha chai kinavyopoa kabla ya birika. Akiba ya sukari mwilini ni chache, na hii ndiyo sababu mtoto wa paka hafungishwi usiku kucha kama anavyofungishwa mtu mzima; saa chache tu zatosha. Na damu yenyewe ni kidogo: paka wa kilo moja na nusu ana damu ya mililita 90 hivi, yaani haijazi vikombe viwili vya kahawa chungu. Damu ambayo mbwa mkubwa wa polisi angeipoteza asijue, kwa kijipaka ni maisha yake. Dawa ya usingizi nayo hupimwa kwa uzani, na daktari anayekadiria kwa macho badala ya kumweka mnyama kwenye mizani simkabidhi paka wangu, hata akiwa na vyeti ukuta mzima.

Liko jambo jingine katika hesabu ile ya Waingereza ambalo lilinigusa zaidi. Katika paka waliokufa, zaidi ya nusu walikufa upasuaji ukiwa umekwisha, na wengi wao katika muda wa saa tatu za mwanzo. Maana yake ni kuwa kisu kilishawekwa chini, jeraha limeshonwa, watu wamekwenda kunywa chai, na paka ameachwa peke yake juu ya sakafu baridi. Hapo alihitaji kitambaa cha joto na mtu wa kumtazama pumzi zake.

Wengine husema, basi tungoje akue. Angoje mpaka lini? Paka jike aweza kupata joto la kutaka dume angali na miezi minne. Mimba yake ni siku 63 hadi 65, na aweza kushika nyingine angali ananyonyesha. Huku kwetu karibu na ikweta, ambako mchana na usiku hulingana takriban mwaka mzima, hana msimu wa kupumzika kama paka wa Ulaya. Ukimngoja awe mkubwa, utampeleka ana mimba, na hapo damu ni nyingi zaidi na neno la dini ni zito zaidi, kwa kuwa tumboni mna viumbe. Kwangu mimi wakati wake ni miezi minne au mitano, akiwa mzima, ameshatibiwa minyoo, na amefika kilo 2. Anayefungwa mapema huepukana pia na usaha wa kizazi, na saratani ya matiti humpata kwa nadra sana.

Jirani yangu mmoja wa bara anafuga kijibwa cha kilo 3, chenye manyoya kama pamba ya mto, naye aliniuliza kama haya yanamhusu. Yanamhusu, na zaidi. Mambo ya najisi ya mbwa sisi tunayajua, lakini huruma haikutengewa paka peke yake. Yule aliyesamehewa kwa maji aliyompa kiumbe mwenye kiu, alimpa mbwa.

Wapo wanaohofu kuwa paka wakipungua panya watatutawala. Paka aliyefungwa kizazi hasahau kukamata panya. Na yule mnayemwona mtaani amekatwa ncha ya sikio, mkadhani ni ukatili wa watoto, huenda ni alama tu ya daktari, aliyoikata paka akiwa usingizini ili asije akapasuliwa mara ya pili.

Linalobaki ni gharama, nayo kwa familia ya mvuvi si ndogo. Lakini mitaa yetu huchanga pilau ya maulidi, huchanga sanda, huchanga nauli ya mgonjwa. Ofisi ya mifugo ya kaunti na ilete daktari na mizani yake siku moja kila baada ya miezi michache. Wenye nyumba watoe ukumbi na mashuka ya zamani. Na kwa zile saa tatu za kuwatazama paka mpaka waamke, wapo vijana wetu, hao hao tunaowapa magunia.