Hofu Haimfundishi Mtoto Hesabu

Imekita mizizi katika nyoyo za wazazi na walimu wengi itikadi ya kwamba akili ya mtoto husinzia mpaka itishwe, na kwamba fimbo ndiyo dawa ya usingizi huo; na kila wanapohojiwa, jawabu lao huwa ni lile la wahenga, kwamba mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Itikadi hiyo ni batili, na ilimu ya ubongo inatupa hujja za kuivunja.

Hatukatai kwamba hofu huamsha, na kuamka huko kwa ubongo kumeshuhudiwa kwa majaribio. Mwaka 1949, Giuseppe Moruzzi na Horace Magoun walitia umeme katika shina la ubongo wa paka waliolazwa kwa dawa ya usingizi, na mawimbi ya ubongo, yaliyokuwa makubwa na ya polepole, yakageuka mara moja yakawa madogo na ya haraka, kama ya mnyama aliye macho. Lakini kuwa macho si kuzingatia; na mtoto aliyeamshwa na hofu huizingatia hiyo hiyo iliyomwamsha, naye akaitazama fimbo, asiuone ubao.

Robert Yerkes na John Dodson, waliowafunza panya mwaka 1908 kutofautisha kisanduku cheupe na cheusi, wakiwaadhibu kwa umeme kila walipokosea, waliona kwamba tofauti ilipokuwa dhahiri, umeme mkali uliharakisha mafunzo; bali ilipokuwa ya kutatiza, umeme mkali uliyachelewesha, na wa wastani ndio uliofaa. Na J. A. Easterbrook, aliyekusanya ushahidi wa wanadamu na wanyama mwaka 1959, alieleza sababu: kadiri taharuki inavyozidi, ndivyo uwanja wa mambo anayoyazingatia mtu unavyofinyika.

Wako watakaosema, “Sisi tulichapwa, na tukafaulu.” Naam, huenda jedwali la kuzidisha likakaririwa chini ya fimbo, kwa kuwa ni jepesi, lakini hesabu ya mafumbo, inayomlazimu mtoto kushika mambo matatu kwa pamoja na kuyapima, haistahimili moyo unaodunda kwa hofu. Basi mwalimu na amchangamshe mwanafunzi kwa swali lenye uzito wa kiasi, na amwachie nafasi ya kukosea bila ya kuadhibiwa, maadamu muradi wake ni kumfunza kufikiri. Ama anayeshika fimbo kwa jina la umakini, huuharibu umakini ule ule anaoudai.