Neno la Mhariri: Kiti Kisicho na Mrithi

Orodha ya maaskofu-watawala wa Trento ni ndefu, na ukiisoma ilivyo itakusinzisha. Huyu alikalia kiti, akafa. Yule naye akakalia, akafa. Tulitaka kuichapa nzima kwenye ukurasa huu, kisha tukaghairi, kwa kuwa majina hayo yanaficha jambo zito kuliko yote katika habari za mji huu wa Alpi: yaliyokuwa yakitokea kati ya jina na jina.

Trento uko katika bonde la mto Adige, kaskazini mwa Italia ya leo, kwenye njia inayoshuka kutoka kipito cha milimani cha Brenner. Wafalme wa Kijerumani waliokwenda Roma kuvikwa taji la Kaisari walipita hapo na majeshi yao. Mwaka 1027 Kaisari Konrad II alimkabidhi Askofu Udalrico II mamlaka ya dola juu ya nchi hiyo. Kwa nini askofu, na si bwana mwenye upanga? Bwana ana wana. Ukimpa bonde leo, kesho mwanawe atasema ni la baba yake. Askofu hana mwana wa halali. Akifa, kiti hakina wa kukirithi, na Kaisari hupata tena nafasi ya kusema nani akikalie.

Hesabu hiyo ilimfaa Kaisari. Kiti chenyewe ilikitesa. Sheria ya Kanisa ilimkataza kasisi kumwaga damu, hivyo askofu alihitaji mlinzi wa kumshikia silaha. Kazi hiyo waliishika mabwana wa Tirolo, majirani zake wa kaskazini, nao wakarithishana. Tazama mizani ilivyokaa: mwenye mali harithishi, mlinzi wa mali anarithisha. Kila askofu alipozikwa, mlinzi alibaki palepale, funguo mkononi. Katika karne ya 13 Meinhard II wa Tirolo aliwanyang'anya maaskofu sehemu kubwa ya nchi yao. Mwaka 1363, Tirolo ilipoingia mikononi mwa ukoo wa Habsburg, Askofu Albrecht wa Ortenburg alifungwa kwa mkataba: kiti kikiwa wazi, makapteni wa ngome zake wamtii bwana wa Tirolo.

Aliyeiona hatari hii mapema ni Federico Vanga, aliyeanza kutawala mwaka 1207. Milima iliyo juu ya mji ilikuwa na machimbo ya madini ya fedha, na Vanga aliweka kwa maandishi kanuni za wachimbaji. Mwaka 1215 akaanzisha kazi kubwa zaidi: hati za kiti chake, zilizokuwa ngozi moja moja, zikaanza kunakiliwa katika kitabu kimoja. Wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na Vanga alilijua hilo bila kufundishwa na mtu. Kitabu kilipewa jina la Mtakatifu Vigilio, askofu wa kale wa mji huo. Humo mna ujanja. Mali ya marehemu ina wagombea, lakini mali ya mtakatifu ina mwenyewe, naye hafi tena. Vanga alifia Akka mwaka 1218, katika Vita vya Msalaba. Kitabu kipo hadi leo.

Lakini daftari nalo lina ulimi wa mwenye kuliandika. Mwaka 1475, chini ya Askofu Johannes Hinderbach, maiti ya mtoto Simone ilipookotwa, Wayahudi wa mji walisingiziwa kumuua kwa ajili ya ibada yao. Waliteswa mpaka wakakiri, kisha wakauawa. Hinderbach alihangaika kumfanya mtoto huyo mtakatifu, na uongo huo ukarithiwa na maaskofu waliomfuata. Kanisa lilikuja kufuta heshima alizopewa mtoto huyo mwaka 1965.

Ukuta nao una ulimi wa mwenye kuuchoresha, ndiyo maana ningependa msomaji apande nasi Mnara wa Tai, kwenye ngome ya Buonconsiglio. Mnamo mwaka 1400 Askofu Giorgio wa Liechtenstein alichorewa humo ukutani miezi ya mwaka. Januari, mabwana na mabibi wanatupiana mipira ya theluji mbele ya ngome. Kiangazi, wakulima wanakata majani. Vuli, zabibu zinakamuliwa. Kila mtu yuko mahali pake, hakuna anayenung'unika. Mwaka 1407 watu wa mji waliinuka dhidi ya askofu huyohuyo, wakiongozwa na Rodolfo Belenzani. Ukihesabu miezi ukutani utapata kumi na mmoja, maana picha ya Machi imepotea.

Baadaye ilipatikana njia ya kumpita Kaisari na hesabu yake: kurithisha mtoto wa ndugu. Kuanzia 1539 hadi 1658 kiti kilikaliwa na watu wanne wa ukoo wa Madruzzo, mmoja baada ya mwingine. Wa mwisho wao, Carlo Emanuele, aliona ukoo unamwishia mikononi, akamwomba Papa ruhusa ya kuoa. Alinyimwa.

Mamlaka ya dola yaliondolewa kwenye kiti hicho mwaka 1803, baada ya karibu miaka mia nane. Nasema wazi: si uhodari wa maaskofu uliokidumisha muda wote huo. Kilidumu kwa sababu kulikuwa na kitabu cha kuonyesha kila mwenye kiti alipokufa, na kwa sababu jirani mwenye nguvu aliona faida kukitawala kwa mlango wa nyuma kuliko kukivunja.

Basi, msomaji, katika kurasa zinazofuata ukifika askofu anapozikwa, usigeuze ukurasa upesi. Uliza kwanza usiku ule funguo zilikuwa kwa nani.