Bajeti ikikatwa katikati ya mwaka, Lutindi nayo ijulishwe

Mkulima wa Lutindi, juu kwenye milima ya Usambara wilayani Korogwe, husikia habari za bajeti ya halmashauri mara moja kwa mwaka, tena akibahatika. Diwani anarudi kutoka kwenye baraza, anasema kata imetengewa hiki na kile, watu wanapiga makofi. Mabadiliko yanayofuata kati ya Julai na Juni ni nadra kufika kwenye mkutano wa kijiji.

Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inaitaka halmashauri ipitishe bajeti si chini ya miezi miwili kabla ya mwaka wa fedha kuanza. Inairuhusu pia kupitisha bajeti ya nyongeza ndani ya mwaka. Lakini Waziri wa Fedha husoma bajeti ya Serikali mwezi Juni. Kwa maneno mengine, halmashauri hupanga matumizi kabla ya kujua ni kodi zipi zitakazobaki.

Ilikuwa hivyo mwaka 2003, kodi ya maendeleo ilipofutwa. Ikawa hivyo tena Juni 2017, ushuru wa mazao uliposhushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula. Kwa mahindi ya shilingi milioni 100, halmashauri iliyotarajia milioni 5 ilibaki na milioni 2.

Punguzo lile lilistahili. Ushuru huo kisheria hulipwa na mnunuzi, lakini ni mnunuzi gani anayeutoa mfukoni mwake? Huukata kwenye bei ya mkulima, awe amepata faida au hasara.

Tatizo ni namna pengo linavyozibwa. Mishahara mingi hutoka Hazina, hivyo haiguswi. Makato huangukia kasma ndogo ndogo zinazotegemea mapato ya ndani: mafuta ya pikipiki ya ofisa ugani, ukarabati wa josho, kitalu cha miche. Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango inapendekeza kuhamisha fedha, baraza linapitisha, basi.

Wapo watakaosema barabara zilikwenda TARURA mwaka 2017, hivyo mkulima hana cha kufuatilia halmashauri. Ofisa ugani je? Yeye bado ni wa halmashauri.

Mapitio ya nusu mwaka yafanyike Januari, kisha kila ofisi ya kata ibandike karatasi yenye safu mbili: kilichopitishwa na kilichobaki. Gharama yake ni karatasi na gundi. Mvua za masika huanza Machi. Mkulima akijua Januari kwamba miche ya halmashauri haitakuja, anaweza kuchangishana na wenzake wakaotesha yao. Akiambiwa Aprili, mashimo yamekwisha kujaa maji.