Kadi Ndiyo Inaisha, Si Wewe

Kama uko na anti Marekani, mtumie hii. Msiba ukitokea huku nyumbani na kadi yake ya ukaazi wa kudumu inakaribia kuisha, broka atamwambia bila yeye hawezi kurudi. Uongo mtupu! Kinachoisha baada ya miaka 10 ni kadi, si haki yake ya kuishi huko.

Ajaze fomu I-90 mwenyewe mtandaoni, dola 415. Tangu Septemba 2024, risiti yake inaongezea hiyo kadi miezi 36. Ndege ni kesho kutwa na risiti haijafika? Apigie USCIS simu, aombe muhuri wa dharura.

Broka anauza hofu tu. Na fomu hujazwa hata miezi 6 kabla, so mbona tungoje mtu afe ndio tuangalie tarehe?